Hodi Chini ya Meza

Mshauri mpendwa, nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, kwa sababu dada yangu nilipomweleza alianza kucheka nikiwa bado katikati, na sina tena mwingine wa kumwambia.

Mume wangu mtaani wanamwita Fundi Hakitupwi, tangu kiwanda chao kifungwe hatupi kitu wala haachi kitu kitupwe, kopo la rangi limekuwa taa, kreti za soda zimekuwa kabati, mpini wa mwavuli ndio tunaovutia pazia, nami namtania weee lakini moyoni nashukuru, maana miezi ya mwanzo alikuwa akishinda kitandani amegeukia ukuta, na kilichomnyanyua ni hii meza. Aliokota mlango kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa, akaupiga randa, akauwekea miguu ya chuma cha kitanda, kitasa akakiacha palepale eti kinapendeza, kisha akatengeneza vigoda vinne vya matairi vya kusuka kwa kamba, ingawa sisi tuko watatu tu, mimi, yeye na binti yetu ambaye bado hajaanza shule.

Siku ya kwanza tunakula, tukasikia ngo ngo ngo chini ya sahani. Mume wangu akasema, "Mbao hiyo, inakauka." Ikawa kila tukikaa kula inagonga, sasa mbao gani inakauka saa ya kula tu, lakini nikazoea, na hapo ndipo nilipojiponza, Mshauri, kwani siku moja nilikuwa napakua, mawazo yakiwa mbali, ikagonga, na mimi bila kufikiri nikaitika, "Karibu!"

Tangu hapo haijagonga tena. Ila kigoda cha nne kamba yake imebonyea katikati, mume wangu ameikaza, tukikaa kula inabonyea tena taratibu mbele ya macho yetu, naye anasema ni kamba mbovu huku anatazama pembeni. Naogopa, siku hizi nakula jikoni nimesimama. Nikimwambia tuichome meza, anaangalia mikono yake, nami naona kabisa atarudi kule kwenye ukuta wake. Ningevumilia, lakini jana nilimkuta binti yangu amekaa upande wa kitasa anazungumza na kile kigoda kitupu, akanigeukia akauliza, "Mama, mgeni anasema kwao kuna watoto wengi. Akiondoka, niende naye?" Nifanyeje, Mshauri, nimwokoe mtoto nimpoteze baba yake?

Ni mimi, mla jikoni.

*

Mla jikoni,

Sikucheka. Pole sana, ila pole yangu ina makali kidogo. Mwanamke mzima unaitika hodi bila kuuliza ni nani? Hata mzoa taka akibisha kwako unamchungulia kwanza dirishani! Na wewe, Fundi, najua utasomewa haya: kamba yako haina ubovu wowote na unalijua hilo. Acha kumbebesha mkeo woga wa watu wawili.

Meza msiichome. Mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako mwenyewe huchomi alikoingilia, unamsindikiza. Lakini huyu ataondokaje? Mlango wake umelazwa chali, umepigwa miguu, na juu yake mmepanga sahani. Inawezekana anataka kwenda siku nyingi, ila hana pa kutokea. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi unaye ndani. Usimwambie unaichukia meza yake. Mwambie, "Baba, nahitaji mlango unaofunguka." Utaona atakavyoamka.

Aing'oe ile miguu, mwende mpaka kwenye kile kifusi, mchana kweupe, ausimamishe kwenye fremu mpya, bawaba zishike vizuri, usikwame hata kidogo. Kigoda cha nne mkibebe pamoja, polepole, mkiweke mbele yake. Fungueni, mumuage mgeni kama watu waliolelewa. Kamba ikishanyooka, fungeni. Mlango na kigoda vibaki huko. Meza nyingine ataunda kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kupita ndani yake.

Mtoto asiwepo. Apelekwe kwa huyo dada yako mcheka ovyo, na hili sikubembelezi. Mgeni mwenye adabu akiaga, naye hukaribisha watu kwake, na sisi kwa mazoea tuna jibu letu. Wewe mazoea yameshakuponza mara moja. Basi ukisikia kutoka upande wa pili, "Haya, karibuni na kwetu," mshike mumeo mkono, sema asante, ufunge mlango. Usithubutu kujibu, "Tutakuja."