Viatu Chini ya Kamera

Baba Shamsa,

Chai iko kwenye chupa. Begi lako la mkononi nimelipima kwenye mizani ya dukani. Ndege ya kutoka Dar kwenda Unguja inaruhusu kilo saba, nalo limezidi. Nilipokuambia asubuhi, ukajibu haraka, "Basi toa flashi na betri."

Nikazitoa. Chini ya kamera nikakuta viatu vya kike, vipya, si mitumba. Nimevijaribu, havinitoshi.

Mpiga picha gani anakwenda Unguja kupiga harusi ya usiku, anaacha flashi, anabeba viatu?

Flashi na betri nimezirudisha begini. Viatu nimevitoa, usivitafute.

Nampeleka Shamsa kwa bibi yake, kule Mwaya.

~~Safari njema.~~

Usipande basi la Dar bila mimi. Tunakwenda wote.

Mama Shamsa