Picha ya Mlango wa Mama

Kambi ya Ngombezi,
Korogwe.
12 Julai 1971

Mpendwa mdogo wangu Dominiko,

Pokea salamu zetu, na uwape Justa na watoto kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishapata habari salamu unazisahau mfukoni. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula, anagomba. Goti ndilo linalomsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia.

Masika ya mwaka huu yametutendea haki, mahindi tumevuna. Mume wangu Petro bado yuko korona, kwenye mashine ya kutoa singa za mkonge, na sasa amechaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Tangu hapo hata chumvi ikipungua jikoni anataka tuitishe mkutano.

Sasa nije kwenye jambo lako. Barua yako ya kutaka kumchukua Mama mwezi wa nane aje kukaa nanyi Mwanza nilimsomea mara mbili. Alisema, "Mtoto akiita, mzazi aitike," akaanza kufunga mizigo. Mimi roho iliniuma. Uliandika kwamba kambi si mahali pa mama yetu kuzeekea, nami nikaona umenidharau na mimi ninayeishi humo humo. Ila sikutaka ionekane nimemzuia, nikamkunjia nguo zake.

Siku ya Sabasaba tulipata nafasi kwenye lori la shamba, tukaenda Korogwe. Baada ya ngoma na hotuba tuliingia ukumbini, ambako kijana mmoja wa Tanga anayeitwa Habakuki alikuwa ametundika picha kubwa kubwa ukuta mzima. Amezunguka Korogwe na Handeni akitafuta mahali pa kweli panapoonekana kama sinema. Palikuwa na vumbi la ng'ombe kwenye nyika ya Handeni na mchungaji mmoja katikati yake, fimbo begani, utadhani ndiye stelingi mwenyewe. Palikuwa na duka la Chanika lenye taa moja, na stesheni yetu ya Korogwe ndani ya ukungu. Stesheni ile ile, Dominiko, tunayosubiria treni tukipiga miayo! Nilisimama pale mpaka Petro akaja kunivuta mkono.

Watu wengi hawakuamini. Bwana mmoja aliyevaa suti alisema kwa sauti kwamba mahali kama hapa huonekana tu gari la sinema linapokuja, na kwamba kijana amenunua picha za Ulaya. Habakuki aliapa kwa jina la mama yake, wapi!

Bwana yule alikuwa mbele ya picha ya nyumba za mstari alfajiri, moshi umelala juu ya mapaa, singa nyeupe zimeanikwa nyuma yake mpaka upeo wa macho, na mlango mmoja tu uko wazi. Hata mimi sikupatambua. Mama alipenya katikati ya watu, akashika kiuno.

"We! Nani kaniachia mlango wazi? Mbuzi wa Mwantumu wataniingilia kwenye unga!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama hakucheka. Alitaka lori liondoke saa ile ile akafunge mlango wake.

"Shikamoo, mama," Habakuki akamwambia. "Picha hii niliipiga mwezi wa tano."

"Marahaba. Mwezi wa tano? Basi ni mimi mwenyewe, nilikwenda bombani." Hapo akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Usingemweza tena. Aliwaonyesha watu nyumba moja moja, huyu ni fulani, huyu ana watoto wakorofi, na kizingiti hiki alikiweka marehemu baba yetu kwa mikono yake. Bwana wa suti akaondoka taratibu. Mama akawaambia waliobaki, "Karibuni Ngombezi. Ila mkija mpige hodi."

Tulipofika alisimama nje, akatazama nyumba yake muda mrefu, kisha akasema, "Bernadina, niliitika kwa kuwa mtoto kaita. Sikujiuliza kama nataka. Mwandikie mwenzio kwamba siendi."

Kesho yake aliamkia kwa jirani yake Mwantumu kudai kuku aliokwisha kumgawia kwa kwaheri. Mmoja alikuwa ameshaliwa. Mama amesema huyo amemsamehe, lakini kila siku anamtaja.

Nimefurahi, Dominiko, sikufichi. Nawe usinune. Mama anajua umemwita kwa mapenzi, na baba angejivunia mtoto kama wewe.

Nisalimie Justa sana, na shemeji Matayo. Mzee Mdoe na jirani zetu wote wanakusalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake nyote nyumbani.

Mama yuko hapa ubavuni, anasema niandike na haya kabla sijafunga bahasha: nauli uliyomwekea yeye itumieni ninyi, mje wote mwezi wa nane mlale hapa kambini. Anasema wanao wamemwona bibi yao akiwa mgeni tu huko kwenu. Hawajamwona akiwa mwenyeji.

Dada yako akupendaye hata unapomuudhi,
Bernadina