Kamba ya Nyuma ya Ghala

S.L.P. 61,
Kimilili.
15 Februari 2009

Mpendwa mjukuu wangu Nanyama,

Pokea salamu za kuka yako Wabwile. Je, baridi ya Kanada imekuachia masikio? Sisi huku ni wazima. Goti linasumbua kidogo, lakini bado napanda mpaka Kapsokwony kwa miguu, na vijana wa pikipiki wananipisha. Barua hii naandika na mkono wangu. Kijana wetu Kizito alitaka kunipigia chapa kwa kompyuta ya saiba yake, pale watu wanalipia intaneti, nikamwambia toka.

Mahindi tulivuna. Kutoka hapa mpaka Naitiri hakuna mtu alinifikia.

Sasa maneno ya ile picha. Krismasi ulipokuja, nilichungulia kwenye kona ya ghala nikakuona kule nyuma unajipiga picha, leso yako na doa la damu, umesimama kando ya kamba ya marehemu kukhu yako, nyanya ambaye hukumwona. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Unajua kwetu mwanaume hapiti pale. Wanawake wanaanika vitambaa vyao vya mwezi gizani, mume asione. Kukhu yako alianika hivyo maisha yake yote. Damu yake ikakataa kukatika, kamba ikajaa, na mimi naingia tu mlango wa mbele kuchukua mahindi. Nilikuja kujua siku ile alianguka. Daktari akauliza mbona mmekawia hivi. Wewe ulizaliwa baadaye, tukakupa jina lake ili atulie.

Hakutulia. Hii sijaambia mtu. Kila alfajiri nilikuwa nasikia mtu anakamua nguo nyuma ya ghala, maji yanadondoka. Wazee walisema anataka jina. Si jina amepewa? Sasa anataka nini?

Ulipoweka picha kwa huo mtandao wenu, akanyamaza. Nikalala kama mtoto. Halafu Kizito akaniita saiba.

"Kuka, wameondoa picha ya Nanyama. Ati ni chafu."

"Nani ameondoa?"

"Wenye mtandao."

"Wanakaa wapi?"

"Hata mimi sijui. Na wale wasichana wa chupi tupu wamewaacha hapo."

"Si waseme tu wanaogopa damu, bana!"

Kesho yake alfajiri, kukamua kukaanza tena. Nikapita pale mwanaume hapiti. Kile kitambaa cha mwisho, ambacho hakuna mtu ameshika tangu tumzike, kilikuwa na maji. Na mvua haijanyesha hapa tangu Krismasi.

Umeandika umechoka na matusi, utaacha picha ipotee. Nimekataa. Huyo ni mke wangu wanarudisha gizani. Irudishe, Nanyama.

Mimi nimeshafungua ile kamba, nimeifunga kutoka nguzo ya jikoni mpaka mlango wangu, kwa jua, anayepita aone. Pasta alipita, akaangalia viatu vyake. Nimekaa chini ya kitambaa na koti langu la harusi, Kizito akanipiga picha. Weka hiyo pia. Wakiitoa, tutapiga ingine. Koti ninalo.

Mama yako Nelima anakusalimia sana, na Kizito, na shangazi yako Rosaline wa Kitale. Mungu akufunike huko kwenye barafu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jioni hii nimegusa kitambaa. Kimekauka. Sasa nangoja alfajiri.

Wako akupendaye, kuka yako,
Wabwile