Jogoo wa Harambee

Jumanne, Nkubu

Kendi, mdogo wangu, amepiga simu tena: asomee digrii ya uuguzi, ama diploma inatosha?

Nimemwambia ukweli. Hospitalini muuguzi mwenzangu wa diploma analipwa karibu sawa na mimi, na hakatwi mkopo wa chuo kila mwezi. Inauma kidogo. Lakini mkopo una mwisho.

Kilichonikasirisha leo ni Mzee Mutuma. Amepita foleni yote, akasimama mlangoni: "Msichana wangu, si mimi ndiye nilinunua jogoo kwa mnada wa harambee ya karo yako ya chuo?" Nimempima presha kwanza, kama mwezi uliopita. Wagonjwa wengine wakaniangalia tu.

Kendi, chukua digrii, chukua na mkopo. Harambee usiitishe.

Yule jogoo Mzee alimla siku hiyo hiyo. Mimi bado namlipia.