Kwa Asanasio wa Bwera, Uliyeanguka Kila Uliposimama

Asanasio, yote yaliyoandikwa hapa ni kweli tupu. Kaka yako Tsongo ndiye aliyeshika kalamu, naye ameapa mbele ya mjane wako Tabisa kwamba hataongeza chumvi. Tunajua ungecheka. Ndiyo maana Tabisa ameketi karibu naye.

Mwaka umezunguka tangu ututoke, na kahawa ya nyuma ya nyumba imeiva tena bila wewe.

Ulikuwa mtu wa watu. Hakuna mgeni aliyepita uani pako bila kikombe cha kahawa uliyoikaanga mwenyewe. Ulikuwa katekista wetu, na Jumapili padri asipofika ulitusomea Injili kwa sauti ya chini hata wenye kikohozi wakajizuia. Na ni wewe peke yako uliyeweza kumkamata Tsongo akitia chumvi. Akisema alimfukuza kiboko kule Mweya kwa mwavuli, unamuuliza taratibu, "Mwavuli ilikuwa ya rangi gani?" Akibabaika tu, jogoo wake mmoja anahamia kwako. Ndiyo sheria mliyowekeana tangu ujana, na banda lako halikukosa jogoo.

Ugonjwa ulianza kama sifa. Uliacha kutoka jasho. Tulipanda mlima na magunia jua likiwa kali, sisi tumelowa, shati lako kavu. Tsongo akalitangazia soko zima la Mpondwe kwamba theluji ya Rwenzori inakupulizia wewe peke yako. Watu walicheka, nawe ulicheka. Kisha ukaacha kusikia harufu, kahawa ikaungua mbele ya pua yako.

Halafu Jumapili moja ulisimama kusoma, ukaanguka. Wanaume walikuinua, wakakushikilia wima kwa makwapa, kwa sababu kwetu msomaji halali chini Injili ikiwa wazi. "Mumusimamishe, mumusimamishe," walisema, na midomo yako ikazidi kupauka. Hivyo ndivyo tulivyokufanyia kila ulipoanguka, kwa upendo wote, na kila mara tulikuwa tunakuumiza.

Daktari ndiye aliyetufumbua macho. Alikupima presha umelala, akakupima umesimama, ikaporomoka. "Akianguka mumulaze, miguu juu," alisema. Akaeleza kwamba neva zinazopandisha damu kichwani bila mtu kuziagiza zilikuwa zinakufa polepole. Binti yako Ronah akauliza kama ugonjwa utaishia hapo.

"Kwa wengine inabaki hivyo miaka mingi," daktari alijibu. "Kwa wengine inaingia mpaka kwenye ubongo. Tutaangalia."

Tuliangalia. Mkono ulianza kutetemeka juu ya kikombe. Hatua zikawa fupi. Kisha ukawaona watoto mlangoni, ukasema, "Tabisa, hawa batoto beko na baridi, uwape chai." Mlangoni hapakuwa na mtu. Siku zote msimulizi alikuwa Tsongo. Kwa mara ya kwanza wewe ndiye uliyesimulia. Naye Tsongo akamimina chai, akaiweka kizingitini.

Wiki hii, tukiandaa misa yako, Tabisa aliita kutoka jikoni, "Shemeji, kahawa inanukia huko?"

"Inanukia mpaka Kasindi," Tsongo akajibu kutoka uani.

Tabisa akatoka na kikaango. Kilikuwa kitupu na baridi, hakijaguswa na moto.

"Asubuhi nilikuona umeshika ukuta ukiinuka," alisema. "Na shati yako iko kavu tangu mwezi wa jana. Lipa."

Tsongo alitaka kusema ni mafua. Akakitazama kikaango, akaacha.

"Jogoo iko bandani," alisema.

"Jogoo nitachukua. Na Jumatatu unakwenda na Ronah kwa daktari."

"Shemeji, mimi niko muzima."

"Asanasio pia alisema hivyo."

Basi amelipa, ndugu yetu. Jogoo amechinjwa na leo tunamla kwa jina lako. Jumatatu Tsongo atapimwa amelala, kisha daktari atamwambia asimame.

Wanaokukumbuka ni mjane wako Tabisa, binti yako Ronah na mumewe Tonny, wajukuu zako, majirani wote wa kilimani, na kaka yako Tsongo, aliyeandika haya yote akiwa ameketi.

Tutakukumbuka, Asanasio, siku zote tulizobakiwa nazo.