Mama mkwe alinitoa majini, mchumba wangu akachukua sifa

Mshauri, pole na kazi, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, lakini naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu yeyote nyumbani na kila ninayemwona ananipongeza.

Mimi ni msichana mwenye kazi yangu, nakata vioo vya miwani kwenye duka moja la macho, kazi inayotaka mkono uliotulia, na siku hizi mkono wangu hautulii, nimeshaharibu vioo vya wateja mpaka bosi ameniuliza kama ni woga wa harusi. Nikamjibu ndiyo, ni harusi, na kwa namna fulani sikudanganya.

Mchumba wangu anauza vigae. Ni mcheshi, anapendwa na watu, na baba yangu alipolazwa ni yeye aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kwa hiyo naomba usianze kumfikiria kama mtu mbaya, kwa sababu mimi mwenyewe nimejaribu kumfikiria hivyo na nimeshindwa. Mama yake ni fundi wa kushona mapazia, mjane, mtu mzima mwenye maneno machache, na mimi nilikuwa namwogopa kidogo. Mchumba wangu aliona hilo, akasema basi twende matembezi ya siku moja sisi watatu, tuzoeane kabla sijaingia kwenye ukoo. Akakata tiketi za basi la watalii, asubuhi kuogelea kwenye mabwawa ya asili kule milimani, mchana kuuona mji wa kale, jioni nyumbani.

Safari ilianza vizuri. Tulikuwa na kiongozi mmoja wa kuchekesha, amevaa kofia kubwa, abiria wote wakamwita Kapteni, ana kipaza sauti ambacho betri yake ilikuwa ikizimika kila anapofika kwenye utamu wa hadithi. Njia nzima mchumba wangu alikuwa akiniambia atanifundisha kuogelea, kwamba yeye majini ni kama samaki, na mama yake alikuwa ameelekea dirishani.

Mabwawa yale, mshauri, ni mazuri ya kutisha. Maji yanashuka kwenye mwamba, yanajaa shimo moja, yanamwagikia la pili, mpaka chini kabisa, na ni ya kijani unaweza kuona kokoto. Kapteni alituonya kwamba bwawa la juu lina kina na mawe yake yana utelezi, anayetaka kuoga aoge la chini. Abiria wengi walibaki huko chini, wengine hata hawakushuka kwenye basi. Mchumba wangu akasema twende la juu, kule kuna nafasi ya kupiga picha. Mama yake akasema, "Mwanangu, umesikia alichosema yule mtu." Akajibu, "Mama, nipo mimi." Tukapanda.

Nilikuwa nimesimama ukingoni nikicheka kwa ajili ya picha mguu ukateleza. Sikumbuki kupiga kelele. Nakumbuka baridi, halafu maji puani, halafu nilipoibuka mara ya kwanza nilimwona mchumba wangu amesimama juu ya jiwe, simu mkononi, ananitazama. Hakusogea. Nilimwona vizuri kabisa, mshauri, na hicho ndicho kinachonitesa, kwamba nilimwona uso. Nikazama tena. Kisha kitu kizito kikaanguka karibu yangu, mkono ukanishika kwapani, na nikasikia sauti ya mama yake sikioni, imetulia kama anayenishonea nguo, "Usinishike shingo. Lala chali. Lala, mwanangu." Alikuwa ameruka na gauni lake na viatu vyake. Tulipofika ukingoni mawimbi ya maporomoko yakatusukuma, akajigonga bega kwenye mwamba, nilisikia mlio wake, na ndipo mchumba wangu aliposhuka mpaka magotini akanivuta mkono hatua zile chache zilizobaki.

Kapteni akaja mbio, anahema. "Nani amemtoa?"

Mchumba wangu akasema, "Mimi."

Alisema upesi, kama mtu anayeitika jina lake. Mama yake alimtazama, halafu akainama akaanza kukamua gauni. Mimi nilikuwa natapika maji, sikuwa na pumzi ya kusema lolote.

Sasa huko mji wa kale ndiko mambo yalikoharibika. Nilikuwa nimefungwa sweta la mama yake lililobaki kwenye basi, nywele zinachuruzika, tunapitishwa kwenye vichochoro vya mawe, tukaoneshwa gereza la zamani na lango na mnara wa saa, na Kapteni kila tulipofika alikuwa akitangaza kwenye kipaza sauti kwamba leo tuna shujaa ndani ya kundi. Kulikuwa na ukuta wenye majina ya watu walioulinda mji huo zamani. Abiria mmoja akasema jina la mchumba wangu liongezwe, watu wakapiga makofi, na yeye akainamisha kichwa kwa adabu kama mtu asiyependa sifa. Mama mmoja akanishika mkono akaniuliza, "Umeshamshukuru?" Watu wote wakanigeukia. Nikamwambia mchumba wangu asante. Nilisema, mshauri. Wakati huo mama yake alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za mahakama ya kale, amejishika bega, anatazama watu wanaopita.

Niliamini itaishia hapo. Haikuishia. Alisimulia dukani, akasimulia kwa rafiki zake, na kila anaposimulia anatia chumvi, sasa kuna kupiga mbizi, kuna mwamba aliouepa, na siku ya kikao cha ukoo cha kupanga harusi, mbele ya baba zake wadogo na shangazi zake na wazazi wangu, alifika mahali akasema, "Mama naye alikuwa anapiga mayowe tu kule juu." Watu wakacheka. Baba yangu akainuka akamkumbatia, akamwambia, "Nimekupa binti, umenirudishia binti." Nilimwona baba yangu na machozi nikatamani sakafu inimeze.

Mama mkwe akaondoka akaenda jikoni. Nikamfuata. Nikamkuta anajaribu kuteremsha sufuria kwa mkono mmoja, mkono mwingine umening'inia tu. Nikamwambia, "Mama, bega bado?" Akasema ameteleza bafuni. Nikamwambia, "Mama, mimi nilikuwepo." Akaiacha sufuria, akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. Akasema, "Baba yake alikuwa akimcheka kila alipoogopa. Mbele za watu. Mbwa akibweka, mtoto akificha uso kwenye sketi yangu, baba anawaita majirani waje wamwone. Kwa hiyo mimi nikawa namfunika. Hili nalo nimemfunika. Usimfunue, mwanangu. Niahidi."

Nikaahidi. Lakini siku nyingine nilipita nyumbani kwake nikakuta cherehani imefunikwa shuka na mapazia ya wateja yamelundikana kitini, na hajaenda hospitali, kwa sababu anasema watamuuliza maswali na maneno yatamfikia mwanawe.

Nilimfuata mchumba wangu dukani. Nikamuuliza kwa upole kwa nini hakusema ni mama. Alipanga vigae muda mrefu bila kunitazama. Akasema, "Nilikuwa najiandaa kuruka. Mama akaniwahi." Baadaye akasema, "Unataka watu wajue mumeo aliganda? Acha ipite, itasahaulika." Nikamwambia mama anaumwa. Akasema mama amemwambia yeye ni bafuni. Sijui kama anaamini au anajilazimisha kuamini. Kabla sijatoka mlangoni aliingia mteja, akasema, "Ee, ndiye huyu uliyemwokoa?" na mchumba wangu akacheka.

Kadi zimeshachapwa. Nampenda. Kuogopa kwake nimemsamehe siku ileile, mimi mwenyewe niliogopa. Lakini nikikaa nasimama, nikisimama natembea, nikilala najiuliza siku nikizama kwa jambo lingine, la ugonjwa au la mtoto, nitaibuka nikimwona amesimama vilevile na baadaye atawaambia watu nini. Nivunje ahadi niliyompa mama yake? Nivunje uchumba? Au nimeze, nifunge macho, nivae gauni?

Mimi,
Fundi Miwani

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu Fundi Miwani, pole. Ulifanya la maana kuandika namba yako ya simu chini ya barua, kwa sababu kuna sehemu ya barua hii ambayo haikuweza kungoja gazeti. Wasomaji wajue kwamba nilikupigia siku ileile na sikukuuliza habari za harusi. Nilikwambia mpeleke mama hospitali, ahadi au si ahadi. Ulilia kidogo, ukanibishia kidogo, nikakugombeza, ukaenda. Umeniruhusu niandike yaliyotokea.

Ulimwambia mchumba wako nyote watatu mnakwenda, akaja shingo upande. Daktari akamwinua mama mkono, mama akafumba macho, na daktari akauliza, "Hili si la bafuni. Ulikuwa unavuta nini?" Mama akamtazama mwanawe. Na mwanawe, kwa maelezo yako, alikaa akiangalia viatu vyake mpaka daktari akadhani hajasikia, kisha akasema, "Alikuwa anamtoa mchumba wangu majini. Mimi niliogopa." Akatoka akasimama koridoni. Mama sasa amefungwa mkono, msuli umechanika, atapona akitulia, na mapazia ya watu yatasubiri.

Ukaniuliza, je, sasa mambo yamekwisha, nifurahi? Hapana, bado. Alichofanya ni kikubwa na sitaki ukidharau, mtu aliyelelewa kwa kuchekwa amesema neno lile kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini daktari hakuwa amedanganywa. Waliodanganywa ni baba yako aliyemkumbatia kwa machozi, na shangazi waliomcheka mama kwa mayowe ambayo hakupiga.

Na wewe pia nikuseme, usijifanye abiria tu katika jambo hili. Pale ukutani ulikuwa umetoka kuzama, nakusamehe. Siku ya kikao ulikuwa umekauka. Mwanamke aliyekuokoa alichekwa mbele yako na ukatazama sakafu. Mchumba wako alinyamaza kwa woga, mama yake kwa mapenzi, wewe kwa ajili ya kadi. Nyumba mnayotaka kuijenga ilikuwa imeanza na watu watatu wanaomeza maneno, na hayo ni kabla watoto hawajazaliwa.

Unaniuliza siku utakapozama tena itakuwaje. Hilo halijui mtu. Mwili wa binadamu huganda, na aliyeganda leo anaweza kuruka kesho. Usimpime kwa jiwe alilosimama. Mpime kwa anachofanya sasa, akiwa nchi kavu, ana muda wa kufikiri na hakuna anayezama.

Basi fanya hivi. Kaa naye mchana, mahali pasipo na wateja, umwambie hukumwacha kwa sababu ya kuganda na hutamwacha kwa sababu hiyo. Kisha mwambie tarehe ya harusi inasogezwa mpaka awaite walewale waliokaa kwenye kikao kile, awaeleze mwenyewe. Si wewe, wala mama yake, wala baba mdogo mwenye busara. Yeye. Kadi ni karatasi, zitachapwa nyingine. Akikataa, au akisema utakuwa umemdhalilisha, rudisha pete bila kelele, na uendelee kumtembelea mama yake, kwa sababu yule ni mama yako sasa hata pasipo ndoa. Akikubali, usimtungie maneno wala usimwombee msamaha kabla hajauomba. Mama naye mwambieni mapema, asishtukizwe, na mkalisheni mbele, asikimbilie jikoni.

Siku hiyo kaa karibu na mchumba wako, umshike mkono ukitaka. Ataanza vizuri, atafika pale kwenye jiwe, na sauti itamkauka. Watu watakutazama wewe, kwa sababu wanajua unaifahamu hadithi. Mama yake ataanza kuinuka. Mvute akae. Nawe usimmalizie sentensi.