Laini ya Festo

Kahama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lisiwe linakusumbua sana kwa baridi ya huko Mgeta. Mama anaendeleaje na kifua? Njegere zimeshika, au ukungu umeziharibu tena? Huku sisi hatujambo, tunapambana na joto na vumbi tu. Neema ameota meno ya mbele. Baba yake anakuamkia.

Barua hii nampa kondakta wa basi aishushe stendi ya Msamvu, dada Kristina aichukue na kukutumia kwa gari la mboga. Nimemwambia asiifungue. Nawe, Baba, isome ukiwa peke yako. Siku ile tulipoongea simu ilikatika, na tangu hapo sina raha, maana hukupata kujua jambo hili lilianzaje upande wangu.

Unakumbuka nilikwambia nataka kukopa benki ninunue mashine ya overloki, ile ya kushona kingo za nguo zisifumuke. Shule ya hapa jirani ilikubali kunipa kazi ya sare zao zote, na kwa cherehani yangu ya miguu nisingeweza. Nilipofuatilia majibu, yule mama wa mikopo alizungusha uso wa kompyuta upande wake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hatuwezi kukupa. Kuna mkopo wa simu hujalipa, umeshapitiliza sana."

Nikamwambia sijawahi kukopa hata kiberiti.

"Basi kaombe taarifa yako ya mikopo uone mwenyewe," akasema. "Kuna kampuni inatunza kumbukumbu za wakopaji wote. Ukikopa benki au kwenye simu, unaandikwa. Ukilipa unaandikwa, usipolipa unaandikwa. Ni haki yako kuiona."

Nyumbani nilimweleza Baba Neema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Neema, kama ulikopa, sema tu. Sitagomba." Sijui kama unaelewa jinsi maneno hayo yanavyouma. Kugomba kungekuwa afadhali. Siku zilizofuata akawa anahesabu hela ya matumizi mbele yangu kabla ya kuiweka mezani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Taarifa ilipotoka nilikwenda kuisomea kibandani kwangu. Jina langu lote, namba yangu ya kitambulisho, na chini yake mikopo mitatu. Miwili imelipwa. Wa tatu haujalipwa na umezaa faini. Yote imechukuliwa kwa namba moja ya simu, na namba ile naijua kwa moyo. Ni ya mdogo wangu Festo.

Utakumbuka alipoanza kubeba mboga kwa pikipiki kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka, nikaweka mimi kidole changu kwa wakala, laini ikaandikwa kwa jina langu. Tulimzika Kwaresima ikiwa inaanza. Mkopo wa kwanza umeandikwa baada ya Pasaka.

Nilisoma tarehe ile nikairudia. Simu yake sote tulisema imeangukia korongoni pamoja na pikipiki na matenga ya karoti. Nilijaribu kujiambia ni mwizi aliyeiokota. Lakini mwizi hakopi akalipa, akakopa tena akalipa. Hilo ndilo lililonitisha, Baba. Festo ndiye aliyekuwa hivyo. Hela ya mtu haikulala kwake.

Nikaanza kuipiga. Haipatikani. Asubuhi haipatikani, jioni haipatikani. Nikawa namwona. Kijana akipita sokoni na mabega yale mapana, nakatisha kipimo cha mteja namfuata kwa macho mpaka ageuke. Ikinyesha tu, nasikia pikipiki inapanda. Baba Neema alinikuta naongea peke yangu juu ya kitambaa, akaacha kuniuliza habari za mkopo, akaanza kuniuliza kama nimekula.

Alhamisi moja mchana, nimeshika mkasi, nikaipiga kama nilivyozoea. Ikaita.

Ikapokelewa. Hakuna aliyesema kitu. Nikasikia upepo, ule upepo wa kwetu juu kabisa mlimani, unaopita kwenye majani ya mihindi. Nikasema haloo. Kimya. Mungu anisamehe, nikasema, "Festo? Festo, ni wewe?"

Ndipo ukakohoa. Kikohozi chako nakijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

"Baba?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Simu hiyo umeipata wapi?"

"Nilipewa hospitali, kwenye mfuko wa nguo zake. Sikumwambia mtu."

Nikakuuliza habari za mikopo, nawe ukanieleza polepole kama mtu anayeungama: kwamba uliletewa ujumbe kuwa laini isiyotumika inafungwa na namba yake anapewa mtu mwingine, na mwenye duka akakwambia laini inayokopa na kulipa haifungwi. Namba ya siri Festo alikupa mwenyewe, enzi zile fedha za karoti zako zikipitia kwake. Ukawa unakopa kidogo, unaziacha fedha mle mle, unazirudisha na riba yake. Mara ya tatu Mama akabanwa kifua, ukazitoa.

"Sikujua inaandikwa kwako," ukasema. "Nilidhani wanamtafuta yeye."

"Sasa kwa nini usiizime tu, Baba?"

Nikasikia ukikohoa tena. Kisha ukasema, "Mama yako huwa anaipiga. Kila siku ya gulio, akishafika sokoni kwenye mtandao, anaipiga. Mimi napanda huku juu penye mtandao, naiwasha. Naliona jina lake linaita. Sipokei. Ikikata, nashuka."

"Anajua unayo?"

"Hajui. Wala hajui kama mimi najua."

"Mbona ya kwangu umepokea?"

"Nilitaka kusikia utamwambia nini."

Hapo ndipo ilipokatika.

Nililia mpaka mteja akaondoka na nguo yake haijaisha. Baba Neema alipokuja kunichukua nilimweleza yote. Siku iliyofuata alitoa fedha alizokuwa anaweka za bati, tukalipa deni pamoja na faini. Usihangaike kuzirudisha, amekataa. Tukaomba barua kwamba hatudaiwi, tukaipeleka kule kwenye kumbukumbu, tukafuatilia mpaka wakarekebisha. Taarifa mpya ninayo. Mkopo wa tatu sasa umeandikwa kuwa umelipwa.

Nilimwomba yule kijana wa huko aufute kabisa. Akasema, "Hatufuti, dada. Ulichelewa, itabaki imeandikwa ulichelewa. Wewe endelea vizuri, baada ya muda watu wataangalia ya mbele." Benki nao wameniambia nianze na mkopo mdogo wa kikundi, nilipe kwa wakati, nirudi kwao baadaye. Nimeanza. Kazi ya sare amepewa fundi mwingine. Hilo limeshapita, nisikufiche tu.

Jambo moja nilitaka kulifanya nikashindwa. Nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu kuifunga laini. Binti wa pale akaniuliza sababu. Nikamwambia mwenye laini amefariki. Akaangalia kompyuta, akaangalia kitambulisho changu, akaniangalia mimi. "Mwenye laini ni wewe, dada," akasema. Nikajiona kama nimekuja kutoa taarifa ya kifo changu. Nikamwambia aondoe huduma ya mikopo peke yake, nikatoka.

Kwa hiyo laini ipo, Baba. Haitakopa tena, na isipotumika wataifunga, ila ukiweka vocha kidogo kila mara inatosha. Noeli tutakuja. Tutashuka wote mpaka Morogoro, uje na kitambulisho chako, uweke kidole, laini iandikwe kwa jina lako. Jina langu nalihitaji lifanye kazi.

Nisalimie shangazi anayeimba kwaya, mwambie kitambaa chake nimekipata. Msalimie katekista aliyetusomea sala siku ile ya kaburini, na mwenye duka pia, sina kinyongo naye. Dada Kristina na watoto wa Mafiga nitawaandikia barua yao.

Mama msalimie, lakini usimwambie nimekuandikia nini. Mwambie mwenyewe, kwa njia yako. Mimi nilipiga mara moja ikaita, na mpaka leo naisikia masikioni nikishika simu. Yeye inamwitia kila siku ya gulio. Amesimama pale katikati ya wauza viazi, anasikia inaita, na hana wa kumwambia. Sijui huwa anawaza nini mpaka inapokata.

Siku ya gulio ijayo panda kama kawaida, Baba. Jina lake likitokea, pokea. Usikae kimya kama ulivyonifanyia mimi. Sema upesi kwamba ni wewe.

Ni mimi binti yako,
Emerensiana